Mgao Wao Umo Kichwani mwa Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na sita, nina mume na binti mmoja, na mkono wangu wa kushoto haunyooki. Naishi Sekenke, huku Iramba, chini ya mlima wenye machimbo ya dhahabu. Kazi yangu ni kununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwauza kwenye magari yanayokwenda mjini.

Sijaandika ili mnionee huruma. Huruma nimepewa nyingi sana, nyingine ililetwa mpaka nyumbani ikiwa imejaa kwenye chupa ya chai... supu ya moto ya mbuzi! Mtaona supu ile ilikuwa inatafuta nini.

Mume wangu anaitwa Elia. Alikuwa fundi simu, mwenye kibanda cha mabati jirani na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kwa hiyo meza yake ilikuwa na vumbi jeupe siku zote. Alikuwa mpole na mwenye utani. Mimi aliniita Kuku. Nikirudi safarini nimechoka, nanuka kinyesi cha tenga zima, yeye anauliza, "Kuku kaingia bandani?" Nami namjibu kwamba hata jogoo huchinjwa, basi anacheka mpaka bisibisi inamdondoka.

Kwenye hiyo hiyo simu yake Elia alijifunza habari za sarafu ya mtandaoni, ile watu wanayoiita bitikoini. Alianza kununua kidogo kidogo kwa pesa ya kubadilisha vioo na chaji. Sikumwelewa, ila sikumzuia. Bei ikapanda, akauza kipande, tukaezeka nyumba. Na bati jipya jamani halifichiki, hasa likipigwa na jua la Sekenke!

Watu wakaanza kuja. Elia aliwapokea vizuri na kuwaambia ukweli wote. Aliwaambia sarafu hiyo hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yanayofuatana kwa mpangilio wake, na mwenye maneno ndiye mwenye mali. Akawashauri kila mmoja afungue yake, kwenye simu yake, na maneno yake ayahifadhi mwenyewe.

Hawakutaka. Wengi walikuwa na simu za kitochi. Wengine waliogopa Kiingereza, wengine waliogopa wake zao. Walitaka faida ya sarafu bila kuishika sarafu yenyewe, na Elia akawa anatikisa kichwa tu, anasema hajui atawasaidiaje.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Mungu anisamehe!

Walikuwa wamekaa kibandani siku hiyo. Alikuwepo Mzee Msengi, kiongozi wa wachimbaji. Alikuwepo Mama Zuhura, mama lishe anayewapikia machimboni. Na alikuwepo kaka yangu Yona, mwenye duara kubwa kuliko yote upande ule. Mimi nilikuwa nafunga kuku miguu pembeni, nawasikiliza wanavyozunguka mbuyu, nikashindwa kuvumilia.

"Kwani duara mnalifanyaje?" nikawauliza.

Nieleze kwa msiojua. Duara ni shimo la dhahabu. Huku kwetu si kila anayekula dhahabu anashuka shimoni. Duara lina mwenyewe. Wengine huleta mafuta ya mashine, maharage ya wachimbaji, magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Mawe yakipanda, viroba hupangwa mdomoni mwa duara, mbele ya macho ya wote, kila mtu anachukua mgao wake. Hukuchimba, shimo si lako, lakini unapata.

"Basi Elia ndiye mwenye duara," nikasema. "Ninyi leteni mafuta, kaeni mdomoni, subirini viroba!"

Walicheka, wakapiga makofi. Mzee Msengi akanyoosha fimbo kunielekea na kusema, "Sasa huyu mama ndiye amezungumza Kiswahili!"

Elia peke yake hakucheka. Tulipobaki wawili aliniambia, "Kuku, umewaambia nusu. Duara lina sheria zake, hujui?" Nikamjibu kwa kebehi. Nikamuuliza yeye ni mwanaume wa aina gani, anayeogopa kutajirika pamoja na watu! Kwa nini nilimcheka? Kwa nini sikumuuliza sheria gani?

Na wala sikuhitaji kuuliza, nilizijua. Sheria ya duara ni kwamba kiroba hakipungui chenyewe. Jiwe haliyeyuki. Kiroba kikikutwa kimepungua, kuna mtu ameingiza mkono, na mtu huyo hapelekwi polisi. Niliwahi kumwona kijana mmoja amefungwa mdomoni mwa duara, anapigwa kwa mipini, analia anamwita mama yake. Nilisema "akome!" nikapanda bodaboda yangu kwenda Ulemo kununua kuku. Nilidhani nini? Kwamba mpini una macho ya kuchagua?

Yona ndiye aliyekusanya michango. Ni kaka yangu wa tumbo moja, mkubwa wangu. Nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni kuvuka korongo wakati wa mvua ili nisikose shule. Watu walimwamini yeye, nami nilimwamini kuliko wote. Elia alinunua sarafu kwa michango ile, maneno yake akayahifadhi kichwani tu bila kuyaandika popote, kama alivyowaambia wote, na kila Jumapili baada ya ibada aliwaonyesha bei kwenye simu, wakiwa wamemzunguka.

Bei ilipanda! Walichinja mbuzi. Walimpa mume wangu jina, Mwenye Duara la Hewani. Mama Zuhura alikuwa anamwekea nyama ya juu kwenye sahani, na ukimuuliza anasema anamtia mafuta mwenye duara asije akachoka. Nilitembea nimenyoosha shingo. Hata salamu zangu zilibadilika, nikawa naitikia kwa pua.

Kisha ikaanza kushuka.

Jumapili ya kwanza Elia aliwatuliza. Aliwaambia sarafu ipo yote, haijaguswa, kilichoshuka ni bei. Akawapa mfano wa alizeti, zao ambalo kila mtu wa Singida amelilima. "Gunia la alizeti halipungui stoo," alisema, "lakini mnunuzi akija na bei mbaya utasema gunia limeibwa?" Ulikuwa mfano mzuri, na laiti ungetangulia! Lakini wangu ulikuwa umeshaota mizizi. Jumapili iliyofuata bei ilishuka tena, na hakuna aliyesema habari ya alizeti. Walisema kiroba kimepungua.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi sikulijua wakati ule. Yona hakuchangia pesa yake tu. Alikuwa ameingiza pia mgao wa vijana wake wanaoshuka shimoni, bila kuwauliza, akitegemea atawarudishia na juu yake abaki na faida. Vijana walipomshika shati kudai haki yao, alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kusema kweli. Elia alikuwa amemwonyesha kwa kituo jinsi bei inavyopanda na kushuka, alijua vizuri kabisa hakuna aliyeiba.

Akachagua ya pili. Aliwaambia, "Muulizeni shemeji yangu. Kiroba kiko kwake, na mimi naona kimepungua."

Siku hiyo nilikuwa natoka Ulemo na bodaboda, kuku wamening'inia pande zote. Jua lilikuwa la utosi. Nilipofika kibandani nikakuta meza imepinduliwa, simu za wateja zimetapakaa chini. Kijana wa bodaboda alinyoosha kidole kuelekea mlimani. Nikapanda mbio huku nimebeba kuku wangu, nikasikia kelele kabla sijaona watu.

Walikuwa wamemfunga Elia kwapani kwa kamba ya winchi, wamemning'iniza juu ya duara la kaka yangu. Wanamshusha gizani, wanampandisha, wanamuuliza. "Toa kiroba!" Wanamshusha tena. Miguu yake ilikuwa inatafuta ukuta wa shimo na haiupati. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshaanguka humo.

Walipomtoa, aliwaonyesha simu. Pale machimboni mtandao haukamati, kioo kikawa kinazunguka tu, kinazunguka... Aliwaomba, "Twendeni kibandani, kule mtandao upo, mtaona wenyewe!" Wakasema anataka kukimbia. Mmoja aliipokonya simu, akaiweka juu ya jiwe, akaiponda kwa moko, ile nyundo nzito ya wachimbaji.

Kisha wakaanza kumpiga yeye. Mateke, mipini, mawe. Watu niliowauzia kuku wa Krismasi! Watu waliokuwa wakikaa kibandani mwake kuchaji simu na kunywa maji yake! Nilirukia mgongo wa yule wa kwanza niliyemfikia, nikamng'ata sikio mpaka nikasikia ladha ya damu. Alinitupa chini juu ya kuku wangu. Nikainuka. Nikainua mkono kumkinga Elia, mpini ukashuka juu ya mkono huo, nikasikia mfupa unavunjika kabla sijasikia maumivu.

Na nilipoinua uso, nilimwona Yona.

Alikuwa na mpini mikononi. Alinitazama, wasomaji wenzangu. Msidhani alikuwa amepandwa na wazimu, hapana, aliniona na akanijua. Nilimwita, "Kaka!" Vijana wake nao walikuwa wanamtazama, wanasubiri waone yuko upande gani. Akaushusha mpini kichwani mwa mume wangu.

Sauti ile siwezi kuiandika.

Angeuawa pale pale kama si Mama Zuhura. Alikuja akikimbia na sufuria ya maharage yaliyokuwa yanatokota, akaimwaga yote kwenye migongo yao. Walipiga mayowe, wakatawanyika. Akasimama juu ya Elia na mwiko mkononi. "Hata mimi nina mgao wangu humu!" alipiga kelele. "Maneno ya kufungulia yamo kichwani mwake! Mnapasua kichwa hicho hicho, wapumbavu ninyi! Akifa mtamdai nani?"

Hapo ndipo walipoacha. Si kwa huruma, ni kwa hesabu. Mmoja mmoja waliangusha mawe. Kuku wangu walikuwa wamekanyagwa, manyoya yamegandamana na damu, wengine bado wanarusharusha miguu. Elia alikuwa amelala ubavu, jicho moja limefunguka, linatazama pale pale.

Tulihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine. Aliishi, Mungu ni mkubwa. Lakini upande mmoja wa mwili ulikufa, na ulimi ukawa mzito. Hakujua jina langu. Hakujua jina la mtoto wake. Nilimlisha uji kwa kijiko kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye plasta.

Polisi walikuja kuniuliza nilimwona nani. Kabla ya hapo mama yangu mzazi alikuwa ameshanipigia magoti, na magoti ya mzazi ni mazito. Ukoo ulikaa kikao. Yona alilia mbele ya wazee, akaleta kondoo, akasema shetani alimpitia. Mama akaniuliza, "Mwanangu, utamfunga damu yako?" Basi nikawaambia polisi sikumwona mtu. Nilisema hivyo huku nimelala jirani na kitanda cha mume wangu! Kuna usaliti mkubwa kuliko huo?

Maisha yakaenda. Nikauza mabati ya kibanda, nikarudi kwenye kuku kwa shida. Na baada ya muda habari zikaanza kuzagaa machimboni, mwenye simu kubwa akimsomea mwenye kitochi... bei imepanda! Imepita pale ilipokuwa walipochinja mbuzi! Ikawa gumzo la kila mahali, kila mtu akipiga hesabu ya mgao ambao angekuwa nao.

Ndipo Yona alipoanza kuja na chupa ya supu.

Alikuja karibu kila siku. Alimnyoa ndevu shemeji yake, alimgeuza asipate vidonda, alimkanda miguu kwa mafuta. Nilipoona mikono ile ile iliyoshika mpini sasa inashika kijiko, nililia. Nikasema, damu nzito kuliko maji, kaka yangu ametubu. Nikamsamehe kutoka moyoni. Nikaanza kumwachia Elia ninapokwenda mnadani, na nikamwomba Mungu ambariki.

Siku moja mnada ulivunjika mapema kwa sababu ya mvua. Nilirudi nimelowa, nikasikia sauti ya Yona ndani, ya chini, yenye subira, kama mtu anayembembeleza ndama anyonye.

"La kwanza, shemeji. Niambie la kwanza tu. Supu ipo, utakunywa. La kwanza ni lipi?"

Nilisimama ukutani. Elia alitoa neno. La Kiingereza! Mtu asiyeweza kusema maji, alisema neno la Kiingereza. Kisha la pili. Yona akayarudia polepole. Kwenye la tatu Elia akakwama, akarudi la kwanza, na safari hii lilikuwa neno jingine kabisa. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Supu, ndevu, mafuta ya miguu... yule hakuwa anamuuguza mume wangu. Alikuwa anafadhili duara!

Na subira ya Yona ilikatika pale pale. Nilisikia chupa inaanguka. Nilipoingia alikuwa amepanda juu ya kitanda, magoti kifuani mwa Elia, mikono yote miwili shingoni. "Sema! Sema yote, maiti wewe! Unanificha?" Macho ya Elia yalikuwa yametoka. Mkono wake mzima ulikuwa unapigapiga godoro.

Mchi ulikuwa mlangoni. Mkono wangu wa kushoto haunyooki, lakini wa kulia Mungu aliuacha. Nilimpiga kaka yangu begani, akageuka, nikampiga mdomoni, meno yakaruka. Alianguka kwenye supu. Nikampiga mgongoni, nikampiga tena, na nilikuwa napiga kelele maneno ambayo siyakumbuki. Ningemuua. Nasema wazi, nilitaka kumuua! Kilichonizuia ni Elia. Alianza kulia kwa sauti ya mtoto, amejificha uso kwa mkono wake mmoja, kwa sababu hakujua mchi ule unampiga nani. Alidhani wamerudi.

Niliuangusha mchi.

Nilikwenda polisi siku hiyo hiyo, damu ikiwa bado kwenye kanga yangu, nikaeleza yote tangu mdomoni mwa duara, na uongo wangu nikautaja. Yona yuko mahabusu, kesi inaendelea. Mimi nami nilihojiwa kwa kumjeruhi na sijui itaishaje. Mama yangu hanisemeshi. Tukikutana kisimani anaitazama ndoo.

Lakini hawajaacha kuja, wasomaji wenzangu. Watu wale wale! Huyu analeta unga, yule analeta kuni, mwingine analeta mafuta ya taa. Wanaingia wanainama, "Pole, fundi, unaendeleaje?" kwa adabu ambayo hawakuwa nayo siku ile. Kisha wanakaa, wanamtazama mdomo. Niliwaambia siku ile kibandani wakae mdomoni wasubiri viroba... na kweli wamekaa. Anayekuja bila macho yale ni Mama Zuhura peke yake. Yeye huja, anafua nguo za mgonjwa, anaondoka.

Nami je, ni msafi? Nitawaambia, kwa sababu ukianza kuungama malizia. Siku moja ada ya mtoto ilipokosekana nilimshika Elia mabega. Nilimtikisa. Nilimwambia, "Hebu jaribu, mume wangu, jaribu kukumbuka!" Akaanza kuyataja, moja, mawili, matatu, kila siku yanakuja mengine, na kadiri anavyoyataja ndivyo anavyotetemeka, mpaka akajikojolea. Kwake yeye maneno yale na kipigo vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja. Nilijiona kwenye macho yake, nikafanana na Yona.

Nilimziba mdomo kwa kiganja changu. Nikamwambia, "Nyamaza, baba. Yaache yafie humo humo. Sitaki hata moja." Nikambadilisha nguo, nikamkumbatia mpaka akatulia. Nikamwambia kama ana neno moja tu limebaki, basi aniite mimi.

Midomo yake ilihangaika, jasho likamtoka.

"Kuku," alisema.

Nililia mpaka majirani wakaja wakidhani amefariki.

Ndugu zangu, sisemi sarafu zile ni mbaya, wala sisemi ni nzuri. Elia alisema kila mtu ashike yake na maneno yake, nami nikamshinda kwa maneno matamu. Nawasihi, msiwaeleze watu jambo msilolijua kwa mfano wa jambo mnalolijua, maana wataliamini pamoja na sheria zake zote. Na wewe unayeshawishiwa kuchukua mgao wa kitu usichokishika, uliza kwanza mdomo wa duara hilo uko wapi. Ukiambiwa umo kichwani mwa mtu, inuka uondoke, kabla siku haijafika ukajikuta umesimama juu yake na jiwe mkononi.